SOMO LA MWEZI: KISIKI KILICHO HAI
Kilimo cha kuhimili ukame, na kwa nini tunasita kukifuata



Somo letu la mwezi huu linahusu shamba. Huenda wako watakaouliza kwa nini gazeti la parishi lizungumze habari za samadi na mashimo, wakati yapo mafundisho ya sala na ya Sakramenti yanayongoja nafasi. Jibu ni rahisi. Wengi wetu hapa Dodoma tunaishi kwa jembe. Sadaka ya Jumapili hutoka shambani, mahitaji ya watoto shuleni hutoka shambani, na shamba likinyima hata kwaya hupungua, maana vijana huondoka kwenda mjini kutafuta vibarua. Tena, kama tusomavyo katika Mwanzo 2:15, mwanadamu alipowekwa bustanini alipewa kazi mbili kwa pamoja: kuishughulikia ardhi, na kuilinda isiharibike. Sisi tumeshika ile ya kwanza, na ya pili tumeisahau.

Kabla ya kuendelea, someni nyumbani: Ayubu 14:7-9; Isaya 28:23-29; Luka 13:6-9; Mambo ya Walawi 25:1-7.

1. Hali ilivyo

Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Kwa wastani hupata kama milimita 500 hadi 700 kwa mwaka, na katikati ya msimu, mara nyingi Februari, mvua hukatika kwa siku nyingi. Wazee wetu waliyajua hayo, ndiyo maana walipanda mtama na uwele.

Lakini siku hizi jambo jingine limeongezeka. Wataalamu wanatueleza kwamba dunia imepata joto zaidi ya nyuzi 1 ya Sentigredi tangu mwisho wa karne ya 19, kwa sababu ya moshi wa viwanda, magari na mitambo, pamoja na ukataji wa misitu. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo hewa huifyonza ardhi ikakauka upesi, na mvua ikija huja kwa kishindo. Ndiyo sababu mtu anaweza kulia ukame na mafuriko katika msimu mmoja.

Hapa tufanye hesabu kidogo, kama tulivyofanya darasani. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya eka moja, huangusha lita 40,000 na ushei. Hayo ni madumu 2,000 ya lita 20. Mama gani kati yetu anaweza kubeba madumu 2,000 kichwani? Mungu huyaleta bure katika muda wa saa moja. Nasi tumeutayarisha udongo wetu ukawa mgumu kama sakafu, bila jani wala kizuizi, maji yakaenda korongoni na kuchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Mara nyingi, basi, mvua huwa imekuja, ila sisi hatukuipokea.

2. Mafundisho ya siku zilizopita

Nchi yetu imeona mipango mingi ya kilimo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa, na sehemu nyingine kama Nachingwea na Urambo. Walikusudia kulima zaidi ya eka milioni 3. Walileta matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mitambo ya kung'oa vichaka. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka huwa kama saruji. Majembe yalivunjika, mvua ilikatika, na mwaka 1951 mradi ulifutwa. Fedha hazikukosekana, wala mashine. Walikosa kuiuliza nchi yenyewe, na kuwauliza watu walioishi humo.

Mwaka 1973 Serikali yetu ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Huko Kondoa makorongo yalikuwa yamekula vilima vizima. Yalichimbwa makinga maji, miti ikapandwa, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Nyasi na miti vilirudi. Lakini tusisahau kwamba kwa mfugaji kutengana na ng'ombe wake lilikuwa jambo la uchungu. Kuna uponyaji wa ardhi unaowezekana, lakini lazima tuulize kila mara ni nani anayebeba gharama yake.

Siku hizi tunasikia habari za kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabia ya nchi. Jina hilo ni refu, na lilianza kutumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwenye mwaka 2010. Serikali yetu ilitoa mwongozo wake mwaka 2017. Maana yake ni mambo matatu: shamba litoe mavuno zaidi; mkulima aweze kustahimili mwaka mbaya; na ardhi na miti visaidie kupunguza hewa inayoongeza joto. Mkulima mdogo aanze na mawili ya kwanza, na la tatu litafuata lenyewe.

3. Mambo manne tunayoweza kufanya

(a) Mashimo ya kupandia. Njia hii imepewa jina la kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma. Shimo huwa na upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Kati ya shimo na shimo ni sentimita 60, na kati ya mstari na mstari ni sentimita 90. Mistari hukatiza mteremko, haifuati mteremko. Udongo uliochimbwa huwekwa upande wa chini kama kikingo kidogo. Ndani huwekwa samadi iliyooza, konzi moja au mbili, na udongo wa juu, lakini shimo lisijazwe kabisa. Mbegu za mtama, uwele au mahindi hupandwa humo.

Turudi kwenye hesabu. Eka moja huingia mashimo zaidi ya 7,400. Shimo tupu huchukua lita 11 hivi. Likijazwa nusu hubaki nafasi ya lita 5 na zaidi. Zidisha, utaona kwamba mashimo hayo yanaweza kuyashika karibu maji yote ya ile mvua ya milimita 10. Yale madumu 2,000 hayaendi tena korongoni.

(b) Makinga maji na matuta ya kukatiza mteremko. Haya ni ya kale, nasi wa rika langu tuliyachimba tukiwa wanafunzi. Fanya kazi hiyo mara baada ya mavuno, kabla udongo haujakauka kabisa.

(c) Mbegu zinazofaa mahali petu. Hindi likikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, mwaka umekwisha. Mtama ukikosa maji hujikunja, hungoja, na mvua ikirudi huendelea. Mbegu ya mtama iitwayo Macia, iliyoidhinishwa nchini mwaka 1999, hukomaa mapema na ni fupi. Changanya na kunde, mbaazi, choroko au karanga, ili jamii ya kunde irutubishe udongo, na kama zao moja likishindwa jingine likuokoe. Tena msikilize utabiri wa msimu ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huutoa kabla ya mvua. Utabiri si unabii, lakini ni msaada wa kupanga.

(d) Kisiki hai. Hili ndilo lililonipa kichwa cha somo. Katika mashamba mengi chini ya ardhi mna mizizi iliyo hai ya miti tuliyoikata. Kila mwaka huchipua, na kila mwaka tunafyeka. Badala yake, chagua kisiki chenye machipukizi mengi. Acha matawi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mawili hadi matano. Mengine yapogoe, na yale uliyoyaacha yapunguzie vitawi vya chini. Funga kitambaa kama alama, ili kila mtu ajue mti huo unatunzwa. Kisha uulinde na mifugo. Kwa kuwa mizizi imekwisha kwenda chini, mti huo hukua upesi kuliko mche wa kitalu, na hauhitaji kumwagiliwa.

Njia hii ilienezwa huko Niger, Afrika ya Magharibi, na mmisionari Mkristo kutoka Australia, Tony Rinaudo. Alikuwa amepanda miche kwa jasho na mingi ikafa. Siku moja mwaka 1983, alipokuwa njiani, alitazama vichaka vya jangwani, akatambua kwamba si vichaka bali ni miti iliyokatwa inayotaka kuota tena. Leo huko Niger mamilioni ya hekta yamepata miti kwa njia hiyo. Basi someni tena Ayubu 14. Ayubu anasema juu ya mti uliokatwa, ambao mizizi yake imezeeka na shina lake limekufa udongoni, lakini ukipata harufu tu ya maji huchipua. Huyo aliyeyasema hayo alikuwa amewahi kutazama kisiki.

Nakiri kosa langu hapa. Nilipostaafu nilipata eka tatu, na kazi ya kwanza niliyofanya ilikuwa kuwalipa vijana wang'oe visiki vyote. Miaka mingi nilikuwa nimefundisha kwamba shamba safi ni shamba jeupe. Msimu uliofuata upepo wa Oktoba ulipeperusha udongo wangu mpaka kwenye nyua za jirani.

4. Kwa nini tunasita

Mabwana shamba wametufundisha. Semina tumehudhuria, chai tumekunywa, daftari tumepewa. Lakini ukipita vijijini utaona mashamba machache tu yaliyobadilika. Wengine husema wakulima ni wavivu au wakaidi. Mimi nimewafundisha watoto wao na nimekaa nao, sikubali neno hilo. Kila anayesita ana sababu yake, na baadhi ya sababu ni za haki.

Ya kwanza ni nguvu za mikono. Mashimo 7,400, kama mtu akichimba 100 kwa siku, ni siku 74. Nani mwenye siku 74? Na mara nyingi mchimbaji ni mama, ambaye pia huteka maji, hutafuta kuni na kuuguza wagonjwa. Shauri langu: asianze na eka. Robo eka ni mashimo 1,850. Watu watano wakisaidiana kwa zamu, kama wazee wetu walivyolimiana, wataimaliza katika siku nne.

Ya pili ni ndege. Mtu mmoja akipanda mtama peke yake, kwelea kwelea wote wa kijiji watakuja kula kwake, na watoto wake hawatakwenda shule kwa ajili ya kulinda. Wakipanda majirani 20, hasara hugawanyika na ulinzi hugawanyika. Kwa hiyo kumwambia mkulima mmoja mmoja abadilike ni kumtuma vitani peke yake.

Ya tatu ni mifugo. Tunaambiwa tuache mabua shambani yafunike udongo. Lakini kwa desturi yetu, baada ya mavuno mabua ni malisho ya wote. Bila mapatano ya kijiji, aliyeacha mabua amemwandalia jirani yake karamu.

Ya nne ni njaa ya leo. Faida ya kisiki hai huonekana baada ya miaka kadhaa, na tumbo hudai leo. Huko Niger wakati wa njaa ya mwaka 1984 watu walipewa chakula kwa sharti la kutunza miti shambani. Chakula kilipokoma, wengi waliikata tena. Waliobaki nayo ni wale waliokuwa wameona kwa macho yao kwamba mtama ulistawi vizuri zaidi penye miti. Macho yao wenyewe yaliwafundisha kuliko chakula cha msaada.

Ya tano, nayo ni kubwa kuliko zote, ni swali la ardhi ya nani. Hapa sina budi kueleza jambo lililotokea kwetu wenyewe.

5. Jambo la shamba la kanisa

Mnajua kwamba shamba la kanisa hukodishwa kila mwaka mwezi wa Oktoba kwa atakayetoa fedha nyingi. Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane alikodi eka moja. Alikuja kwangu, nikamwonyesha kipimo cha mashimo kwa kijiti. Alichimba nusu eka yeye na wajukuu wake, akabeba samadi kwa ndoo. Februari mvua zilipokatika kwa wiki tatu, mtama wake ulisimama, na wa pembeni ukalala. Tulimsifu kanisani. Siku ya Sikukuu ya Mavuno alileta masuke mazuri kuliko ya wengi wetu.

Oktoba ilipofika, mtu mwenye trekta alitaka shamba lote na kutoa fedha zaidi. Halmashauri ilikaa. Tulikuwa na bati za kununua. Tulikubaliana, nami nilikuwa mmoja wa walionyosha mkono. Trekta lilipita juu ya mashimo yote kwa muda usiozidi nusu saa.

Nilikwenda kumsalimu. Alinikaribisha kigoda, akanipa maji. Kisha akasema, "Mwalimu, sikulaumu, mna shida zenu za kanisa. Ila usinifundishe tena kuchimba." Nilirudi nyumbani sina la kusema, na mpaka leo sijapata jibu.

Wapendwa, tufikiri. Shimo moja hufaa kwa misimu miwili au mitatu, na samadi hufanya kazi kidogo kidogo. Kisiki huhitaji miaka. Mtu mwenye shamba la mwaka mmoja atafanya kazi ya mwaka mmoja, na hiyo ni akili wala si ukaidi. Huko Niger vilevile, kwa muda mrefu sheria iliihesabu miti kuwa mali ya Serikali, na wakulima hawakuona sababu ya kuitunza. Walipopata uhakika kwamba mti watakaoutunza utawafaa wao, waliutunza.

Basi, kanisa likihubiri utunzaji wa uumbaji mimbarini, na Oktoba likikodisha ardhi yake kwa mnada wa mwaka mmoja, limehubiri mahubiri mawili. Watu wamesikiliza lile la pili.

6. Maandiko yanatuambia nini

Isaya 28 humtazama mkulima akiwa kazini. Halimi siku zote bila kukoma. Hulainisha udongo, na kila mbegu huipa mahali pake. Nabii asema maarifa hayo amefundishwa na Mungu wake. Kwa hiyo mkulima ni mwanafunzi wa Mungu tayari. Anayekwenda kumfundisha aende kwa adabu, na aulize kwanza.

Katika Luka 13 mwenye shamba anataka mti usiozaa ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, achimbe kandokando na kutia samadi. Tazameni vizuri: Bwana wetu anaweka chombo cha rehema mikononi mwa mtu mwenye jembe na samadi. Lakini mtunzaji yule aliomba muda. Bila muda, hata samadi haina kazi.

Na Mambo ya Walawi 25 hutukumbusha kwamba ardhi yenyewe ina haki ya kupumzika mbele za Mungu, na kwamba sisi si wenyewe bali ni wageni juu yake.

Kwa hiyo naleta shauri langu kwa heshima mbele ya kasisi wetu na wazee wa kanisa. Shamba la kanisa likodishwe kwa miaka mitatu mitatu, si mwaka mmoja. Bei iwe ya haki, na sharti liwe kuzuia maji na kutunza visiki. Nusu eka moja itengwe kwa Umoja wa Mama na vijana, ichimbwe kwa kusaidiana, ili watu waone kwa macho. Tena yule mama apewe nafasi ya kwanza kuchagua, kama bado atataka. Najua fedha za bati zitapungua kidogo. Paa la kanisa linaweza kungoja msimu mmoja kuliko mtama.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Mvua kubwa ya mwisho iliponyesha, maji ya shamba lako yalikwenda wapi? Nenda ukatazame makorongo, ndipo ujibu.

2. Kati ya sababu tano za kusita zilizotajwa, ipi ni yako? Ipi inaweza kuondolewa na mtu mmoja, na ipi huhitaji majirani?

3. Kama una shamba unalomkodisha mwenzako, je, umempa muda wa kutosha ili aweze kulitunza?

4. Tafuta shambani mwako kisiki kimoja kilicho hai. Kipogoe, kifunge kitambaa, na mwezi ujao uje utueleze.

Mungu wa mavuno azibariki kazi za mikono yenu, naye atupe moyo wa kurekebisha pale tulipokosa.